Nauziwa RTX 3090 iliyotumika kwa ajili ya gemu: niipime vipi kabla ya kutoa hela?

KibodiMbili

Wakuu, habari za jioni.

Kuna duka Kariakoo wananiuzia kadi ya michoro (GPU) ya RTX 3090 iliyotumika, ya feni tatu, plagi mbili za umeme za pini 8. Haina boksi wala risiti ya mwanzo, wanasema imetoka Dubai. Bei ni 2,000,000. Wamekubali niijaribu hapohapo dukani kwenye mashine yao kwa saa moja, lakini nikishatoka nayo hakuna kurudisha.

Mashine yangu: Ryzen 5 5600, RAM GB 32 za DDR4-3200, madabodi ya B550, pawa saplai ya wati 750 daraja la Gold, monita ya 2560×1440 yenye Hz 165. Mbele ya safari nataka kuunganisha na TV ya 4K sebuleni. Kadi niliyonayo sasa ni RTX 2060 ya GB 6. Nacheza Cyberpunk 2077, Forza Horizon 5 na Microsoft Flight Simulator. Chumba hakina AC, mchana kinafika nyuzi 31 hadi 32. UPS ninayo, ya VA 650.

Maswali matatu. Ndani ya hiyo saa moja nipime nini, na nianze na kipi? Namba zipi nikiziona niiache hapohapo? Na kwa gemu tu, 3090 bado ina maana au nijikaze nifikie RTX 5070 Ti mpya?

---

FundiBodi_Ilala

Mkuu, anza na macho kabla hujaomba iwashwe. Dakika kumi zinatosha, ila nenda na tochi ndogo na simu yenye kamera inayokuza vizuri.

Igeuze kadi uangalie meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti. Mwisho wa meno hayo kuna kijindoano cha bodi ambacho hubanwa na kilachi cha madabodi. Mulika kona hiyo pande zote mbili. 3090 ni nzito, na ikifungwa imelala miezi na miezi bila kitu cha kuiegemeza, uzito wote unavuta pale. Bodi hupata ufa mwembamba kama unywele, na njia za shaba zilizo ndani ya tabaka zake hukatika. Ufa wa namna hiyo hauna matengenezo ya bei ya maana. Ukiuona, rudisha kadi, shukuru, ondoka.

Juu kidogo ya meno kuna safu ya vijikapasita vidogo kama punje za ulezi. Hesabu kama safu imekamilika. Kimoja kikiwa kimeng'oka, utaona baadaye kadi inasoma x8 badala ya x16 (yaani njia 8 za data kati yake na madabodi badala ya 16), na muuzaji atasema ni kosa la madabodi.

Kisha pembeni mwa bamba la nyuma. Ukiona unyevunyevu wa mafuta, hiyo ni silikoni inayochuruzika kutoka kwenye pedi za joto. Peke yake haiui kadi, lakini inakwambia memori imekaa kwenye joto kali muda mrefu. Kwa 3090 jambo hili lina uzito kuliko kadi nyingine, kwa sababu GB zake 24 ni chipu 24 za GB 1 kila moja: 12 mbele zinapozwa na heatsinki kubwa (lile bonge la chuma la kutoa joto), na 12 ziko nyuma ya bodi zinategemea bamba la nyuma tu. Hizo za nyuma ndizo zinazoumia, hasa kama kadi ilikuwa inachimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. (3090 Ti ilirekebisha hili kwa kutumia chipu 12 za GB 2, zote mbele. Yako sio Ti.)

Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, imefunguliwa. Kufunguliwa sio dhambi, huenda mtu alibadilisha pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na heatsinki) akafanya kazi safi. Uliza tu kilibadilishwa nini, kwa sababu pedi nene kuliko za kiwandani huinua heatsinki isikae sawa juu ya chipu kuu. Hilo utaliona kwenye namba za joto.

Plastiki ya plagi za umeme isiwe na rangi ya kahawia. Feni zizungushe moja moja kwa kidole: zizunguke laini bila kukwaruza, na ukisukuma pangaboi juu na chini kidogo lisichezecheze.

Kama una multimeta, pini za 12 V kwenye plagi dhidi ya ardhi zisome kilo-omu, zisisome karibu na sifuri. Ila usije ukapima koili zinazolisha chipu kuu, ukaona chini ya omu 1, ukapiga kelele kwamba kuna shoti. Chipu kubwa kama hii kwa kawaida husoma hivyo.

---

Hz_na_Nyuzi

Baada ya macho ya Fundi, upande wa programu ni huu. Pakua kila kitu nyumbani uweke kwenye flashi, usitegemee intaneti ya duka: draiva ya NVIDIA ya karibuni, GPU-Z (inasoma utambulisho wa kadi), HWiNFO64 (inasoma joto), memtest_vulkan (inapima memori) na MSI Afterburner (ya kurekebisha kadi). Toleo la bure la 3DMark lililoko Steam lina Time Spy, kipimo cha nguvu ya kadi, lakini ni zito, kwa hiyo waombe wakushushie mapema kwenye mashine yao.

La kwanza kabisa, omba draiva ifutwe na isakinishwe upya mbele yako. Kadi yenye chipu mbovu ya memori inaweza kuonyesha Windows vizuri kabisa kwa draiva ya msingi, dawati linaonekana safi, kila mtu anatabasamu. Draiva ya kweli ikianza kuamsha kadi yote, kioo kinakuwa cheusi au Device Manager ya Windows inaleta Code 43, yaani kifaa kimegoma. Ndiyo maana duka linalokuonyesha dawati tu halijakuonyesha kitu.

Fungua GPU-Z. 3090 halisi husoma hivi, na kila namba ilingane: chipu GA102, shaders 10496, ROPs 112, TMUs 328, memori 24576 MB GDDR6X, basi ya biti 384, device ID 10DE 2204. Kadi iliyoandikiwa BIOS ya uongo mara nyingi GPU-Z huibandika neno FAKE mbele ya jina. Kisha bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni ya Bus Interface na uwashe kile kipimo kidogo cha mzigo. Kadi ikiwa imetulia itasoma 1.1 (toleo la PCIe, ile sloti), usiogope, ni kubana matumizi. Ikiwa na mzigo isome x16 4.0, au x16 3.0 kama madabodi yao ni ya zamani. Ikisoma x8, itoe, futa meno kwa alkoholi, irudishe. Ikibaki x8, jaribu sloti au mashine nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Halafu memori. Endesha memtest_vulkan kwa dakika 15. Sharti ni kosa sifuri. Kosa moja tu linatosha kuikataa, usikubali kuambiwa "hilo halionekani kwenye gemu". Wakati inaendesha, tazama pia kasi inayoandikwa kwa GB kwa sekunde. GDDR6X ina mfumo wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma tena, kwa hiyo memori inayoanza kuchoka inaweza isionyeshe madoa wala kuzima. Inapunguza mwendo kimyakimya. Kasi ikiwa inapanda na kushuka ovyo huku MHz za memori ziko palepale, kuna jambo.

Sasa joto. HWiNFO64 ina mistari mitatu unayoihitaji: GPU Temperature (joto la kawaida la chipu kuu), GPU Hot Spot (sehemu yake yenye joto kuliko zote) na GPU Memory Junction Temperature (joto la memori). Endesha Time Spy mara tatu mfululizo, au gemu zito kwenye 4K dakika 20, usifunge kitu. Tofauti kati ya joto la kawaida na Hot Spot ikiwa nyuzi 10 hadi 15, pesti iko vizuri. Ikivuka 20, pesti imekauka au heatsinki haijakaa. Memory Junction hupima chipu yenye joto kuliko zote, na ikigonga 110 kadi inajipunguza kasi yenyewe. Tazama pia feni ziko asilimia ngapi. Nyuzi 95 feni zikiwa 55% na nyuzi 95 feni zikiwa 100% ni kadi mbili tofauti.

Alama ya michoro ya Time Spy kwa 3090 isiyoguswa ni takriban 19,000 hadi 20,000. Soma alama ya michoro peke yake, sio ile ya jumla, maana ya jumla inachanganya na prosesa ya duka.

FurMark, programu ya kuichosha kadi, iache mwisho, dakika tano. Inafaa kusikiliza feni, mlio wa koili na kuona kama pawa saplai inahimili. Kupima memori haifai.

Mwisho, chomeka kebo kwenye kila tundu: DisplayPort tatu na HDMI moja. Zima kabisa, chomoa umeme dakika moja, washa tena. Kadi nyingine hukataa kuamka zikiwa baridi.

---

Kisauni_Rig

Salamu kutoka Mombasa. Wenzangu wamesema vizuri, mimi naongeza mambo ya pwani, maana majaribio mengi tunayosoma mitandaoni yamefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 hadi 25.

Joto la kadi hupanda karibu sawa na joto la chumba. Chumba kikizidi kwa nyuzi 9, kadi nayo itazidi kwa karibu nyuzi 9, feni zikiwa kwenye mwendo uleule. Kwa hiyo ukipima dukani, angalia kama kuna AC. Andika nyuzi za pale, toa kutoka 32 za chumbani kwako, tofauti ijumlishe kwenye kila namba uliyoona. Ikiwa mashine ya duka iko wazi mezani na yako iko ndani ya kasha, ongeza 3 hadi 5 nyingine. Hapo ndipo utajua umeuziwa nini.

Angalia kutu kwenye lile bati lenye matundu ya HDMI na kwenye skrubu. Hewa ya chumvi ikila bati, imegusa na miguu ya konekta. Kutu ya juujuu kwenye bati peke yake ni ya kuvumilika, ila unga wa kijani karibu na pini sio.

Kuhusu umeme, ndugu yangu, UPS ya VA 650 iondoe kwenye hesabu. Hizo hutoa wati zisizofika 400. Mashine yenye 3090 kwenye gemu itavuta ukutani karibu 500. Umeme ukikatika, UPS itapiga kelele na kuzima papo hapo. Tafuta ya VA 1500 inayotoa angalau wati 900, na iwe ya wimbi safi la sine, kwa sababu pawa saplai za daraja la Gold wakati mwingine hazipatani na wimbi la ngazi linalotoka kwenye UPS za bei rahisi. Usipoweza, bora uchomeke ukutani kupitia kizuia mruko wa umeme, na umeme ukikatika uzime swichi ya ukutani mpaka urudi na utulie dakika chache. Ule mruko wa kurudi ndio unaoua.

Pawa saplai ya 750 ndicho kiwango ambacho NVIDIA wenyewe walikitaja kwa 3090, lakini kadi hii ina tabia ya kuruka kwa milisekunde kupita wati 500 ingawa imeandikwa 350. Saplai yenye ulinzi mkali huona ni hitilafu na kuzima. Dalili yake: mashine inazima ghafla katikati ya gemu kama umechomoa waya, bila kioo cha bluu, bila ujumbe. Dawa ya kwanza ni kebo. Kila plagi ya pini 8 ipate kebo yake kutoka kwenye saplai. Usitumie kebo moja yenye vichwa viwili, kwa sababu kila plagi imepangiwa wati 150 na utakuwa unapitisha zote mbili kwenye waya mmoja.

---

Fremu_Halisi

Mimi nitakuwa upande wa pili. Kwa gemu tu, na kwa monita uliyonayo, nisingechukua 3090 kwa bei hiyo hata ikifaulu kila kipimo.

3090 ilitoka Septemba 2020 kwa dola 1,499. 5070 Ti ilitoka Februari 2025 kwa dola 749. Ukiweka usafiri na kodi utaongeza juu ya hizo milioni mbili zako, sawa. Lakini 5070 Ti inaipita 3090 kwa theluthi moja au zaidi kwenye gemu za kawaida, na pengo linapanuka ukiwasha rei tresingi (mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kama vya kweli). Inakula wati 300 badala ya 350. Memori yake ni GB 16 za GDDR7 zenye kasi ya GB 896 kwa sekunde dhidi ya 936 za 3090, kwa hiyo upande huo hukosi kitu. Na ina dhamana, ambayo kwa kitu cha bei hii ni sehemu ya bei.

GB 24 zinavutia kwenye karatasi. Ukiwa unaendesha modeli za lugha kwenye mashine yako au unatengeneza michoro mikubwa kwenye Blender, ni hoja nzito na 3090 inabaki kadi nzuri sana. Kwa 1440p (ukubwa wa monita yako), Cyberpunk na Forza hazifiki GB 16. Flight Simulator kwenye 4K yenye mandhari za ziada ndiyo pekee kati ya zako inayoweza kukaribia.

Sasa upande wa fremu za kubuni, yaani picha ambazo kadi inazibuni katikati ya zile ilizochora kweli, hapa watu wanapotezwa sana na chati. Kutengeneza fremu kwa DLSS (teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha na kubuni fremu) kunahitaji kadi za mfululizo wa 40 kwenda juu, na ile ya kuzidisha mara tatu au nne ni mfululizo wa 50 tu. 3090 inapata DLSS ya kukuza picha, hata modeli yake mpya, na inaweza kutumia fremu za FSR 3, ya AMD, kwenye gemu zinazoruhusu. Lakini usilinganishe namba hizo na fremu za kweli. Gemu inayotoa fremu 60 za kweli ikizidishwa mara nne itaonyesha karibu 240 na macho yataona ulaini, ila mkono wako kwenye kipanya utahisi ucheleweshaji wa zile 60, na kidogo zaidi. Ukisoma jaribio lolote, tafuta kwanza namba isiyo na fremu za kubuni. Angalia pia picha imechorwa kwa ukubwa gani kabla ya kukuzwa: 4K kwa DLSS Quality kadi inachora 2560×1440, 4K kwa Performance inachora 1920×1080. Mtu anayekwambia "inacheza 4K fremu 100" bila kutaja hilo hajakwambia kitu.

Na wastani wa fremu usiutegemee peke yake. Tafuta ile asilimia 1 ya chini, yaani mwendo wa zile fremu nzito kuliko zote. Hz 165 ni fremu moja kila milisekunde 6. Kadi yenye wastani wa 120 na asilimia 1 ya 95 ni raha kuliko yenye wastani wa 140 inayodondoka hadi 55 kila ukigeuka kona.

Kuna kipimo cha bure unachoweza kufanya leo usiku kabla hujatoa hata shilingi. Kwenye 2060 yako, shusha resolusheni hadi 1280×720 na uache wingi wa watu, magari na umbali wa kuona kama utakavyocheza. Fremu utakazoziona ndizo dari ya prosesa yako, kwa makadirio. Kadi yoyote utakayonunua haitalivuka dari hilo. Cyberpunk ikigonga 95 pale, basi tofauti kati ya 3090 na 5070 Ti kwenye 1440p itakuwa ndogo kuliko chati zinavyosema, na tatizo lako litakuwa Ryzen 5 5600. Kwenye Flight Simulator nina hakika utaliona dari hilo mapema. Rei tresingi nayo inaongeza kazi kwa prosesa, kwa hiyo dari halisi litashuka kidogo ukiiwasha.

Ukienda kwa 5070 Ti, GPU-Z isome ROPs 96. Februari 2025 NVIDIA walikiri kwamba baadhi ya chipu za mfululizo huo zilitoka kiwandani na ROPs pungufu. Ikisoma 88, irudishe. Kichwa chake kidogo cha umeme kisukume mpaka hakuna mwanya, na waya usiukunje papo hapo penye plagi.

---

Kisauni_Rig

@Fremu_Halisi nakubaliana na mengi, ila hesabu ya umeme isimsumbue. Tofauti ya wati 50, akicheza saa nne kila siku, ni uniti 6 kwa mwezi. Uzito wa hoja uko kwenye dhamana na kwenye joto: wati 50 pungufu ndani ya chumba cha nyuzi 32 utazihisi mwilini.

---

KibodiMbili

Asanteni sana wakuu. Nimefanya kila mlichosema, majibu haya hapa.

Kipimo cha 720p kwenye 2060: Forza 168, Cyberpunk 104, Flight Simulator 58 juu ya jiji kubwa.

Dukani kuna AC, kipimajoto kilisoma 23. Mashine yao iko wazi mezani. Kona ya bodi safi, nimepiga picha pande zote. Vijikapasita vimekamilika. Mafuta kidogo pembeni mwa bamba la nyuma. Skrubu hazijachubuka. GPU-Z: GA102, 10496, ROPs 112, biti 384, x16 4.0. memtest_vulkan dakika 15, kosa hakuna, kasi imetulia. Time Spy michoro 19,150.

Baada ya mzigo wa dakika 20: joto la kawaida 70, Hot Spot 94, Memory Junction 100, feni 78%. Matundu yote manne yanafanya kazi, imewaka baridi bila shida.

Muuzaji anasema 100 iko chini ya 110 kwa hiyo ni salama. Nilipe?

---

Hz_na_Nyuzi

Usilipe bado. Chipu zenyewe ni nzima, hilo umelithibitisha, na ndiyo sehemu ngumu. Kilichochoka ni kupoza.

Chukua hesabu ya Kisauni. Dukani 23, kwako 32, ongeza 9: memori inakuwa 109. Ndani ya kasha ongeza 3 tu: 112. Maana yake kadi itagonga 110 na kujipunguza kasi kila siku mchana, na feni tayari ziko 78% kwa hiyo hazina pa kukimbilia. Hot Spot nayo: 94 toa 70 ni 24. Pesti imekauka au imesukumwa pembeni. Hot Spot kwako itakuwa 103 na kuendelea.

Skrubu hazijachubuka, kwa hiyo inaelekea pesti na pedi ni zilezile za kiwandani. Hiyo ni habari njema, hakuna aliyeweka unene usio sahihi. Mwambie muuzaji mambo mawili, achague: abadilishe pesti na pedi kisha upime upya hapohapo, au apunguze bei kwa gharama ya kazi hiyo na vifaa vyake.

Kuhusu dari lako, Flight Simulator 58 ni prosesa, kadi yoyote itabaki hapo mpaka ubadilishe chipu. B550 yako inakubali Ryzen 7 5800X3D au 5700X3D, ukizipata. Kache yao kubwa (memori ya haraka ndani ya prosesa) inasaidia sana gemu hiyo.

---

Fremu_Halisi

Kwa namba hizo za 720p nalegeza kidogo msimamo wangu. Cyberpunk ikiwa na dari la 104, sehemu kubwa ya faida ya 5070 Ti kwenye 1440p utaikosa mpaka ubadilishe prosesa. Akishusha bei ya kutosha na joto likatengenezwa, 3090 inaweza kuwa na maana kwako. Kwa 2,000,000 ileile, bado nasema hapana.

---

KibodiMbili

Amekubali ifunguliwe kesho mbele yangu, na bei ameshusha hadi 1,750,000 ila vifaa ninunue mimi. Fundi, pedi za unene gani?

---

FundiBodi_Ilala

Usinunue pedi kwa kukisia. Unene unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya mbele na nyuma ya kadi moja. Ukiweka 2.0 mm mahali pa 1.5, memori itapoa vizuri na chipu kuu itaning'inia hewani. Nunua ule udongo laini wa kupitisha joto unaouzwa kwenye kopo, gramu 50 zitabaki. Wenyewe unabonyea mpaka unene unaotakiwa, haukupi nafasi ya kukosea. Ongeza bomba moja la pesti na alkoholi ya isopropyl 99%.

Kadi ikifunguliwa, heatsinki isivutwe kwa nguvu. Kuna nyaya za feni na taa zimeunganishwa na bodi, zichomolewe kwanza. Kama imeganda, ipashwe moto kwa kuendesha gemu dakika tano kabla, kisha izungushwe kidogo kushoto na kulia. Piga picha kila pedi ilipokuwa kabla ya kuitoa. Sio memori tu, koili na transista za umeme nazo zina zake, na fundi mwenye haraka husahau safu moja.

Futa mafuta yote ya silikoni kwenye chipu za nyuma mpaka maandishi yake yasomeke. Weka udongo kwenye kila chipu, kifuniko cha milimita mbili hivi kitajibana chenyewe. Pesti kwenye chipu kuu iwe ya kufunika uso wote, kona zote nne, maana GA102 ni pana na tone la katikati halifiki pembeni. Skrubu nne za kuzunguka chipu zikazwe kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, usikaze moja hadi mwisho ukahamia nyingine.

Kisha rudia kipimo kilekile: AC ileile, dakika 20, gemu lilelile. Hot Spot isizidi joto la kawaida kwa zaidi ya 15. Memori ishuke hadi 88 au chini. Ikibaki 96 na kuendelea, kuna chipu haikugusana na bamba, ifunguliwe tena kabla hujatoa hela.

Ukifika nyumbani ipunguzie kadi volti: fungua Afterburner, bonyeza Ctrl+F upate mchoro wa volti na MHz, inua nukta ya 0.850 V hadi 1800 MHz, iliyobaki kulia ilaze sawa, hifadhi. Utapoteza asilimia chache za fremu na kadi itashuka hadi karibu wati 280 kwenye gemu nyingi. Mirukio inayozima saplai nayo inapungua, 750 yako itapumua. Ikizima gemu, shusha hadi 1770. Iegemeze kadi kwa kijiti chochote kisichopitisha umeme, na ukiwa na feni ya ziada ya mm 120, ielekeze kwenye bamba la nyuma.

Kwenye risiti iandikwe namba ya kiwandani iliyo kwenye stika ya kadi, tarehe, na kwamba ilipimwa memori bila kosa. Omba siku saba za kuijaribu nyumbani. Alikataa mwanzo, lakini sasa ameiona kadi yake ikifaulu vipimo, muulize tena.